Namna ya kumfundisha mtoto nchi yake kwa kopo moja la dagaa

Mjukuu wangu alihamia kwangu Mwanza akitokea Dar es Salaam. Yuko kidato cha pili, na daftari lake la Uraia lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma. Jioni ya kwanza nilimuuliza serikali ni nini. Akanijibu hapo hapo, neno kwa neno kama kitabu kilivyosema. Nikamuuliza tena: "Mwenyekiti wa mtaa aliyepita hapa sasa hivi na mkuu wa wilaya, nani kamweka nani?" Kimya. Nikamwonyesha ziwa, maana kutoka barazani kwangu, huku mlimani Kirumba, linaonekana hadi kule Capri Point. "Na hayo maji yanakwenda wapi?"

"Hayaendi, Bibi. Yako tu."

Sikumlaumu. Nimefundisha Jiografia na Uraia miaka 29 katika shule za Kanda ya Ziwa, na najua jibu lile limetoka wapi. Limetoka ubaoni. Tuliandika "zitaje nchi nane zinazopakana na Tanzania", mtoto akazitaja, akapewa alama nane, tukaendelea na mada. Nilikuwa na wanafunzi walioweza kutaja mito yote mikubwa ya Afrika, na shule yenyewe iko hatua mia tatu kutoka ziwani, na sikuwahi kuwashusha kule hata siku moja. Hilo linaniuma hadi leo. Tangu nistaafu nafundisha watoto wa mtaani kwetu jioni, na njia niliyoishika sasa ni hii ninayoandika hapa. Inamfaa mtoto wa darasa la sita na kuendelea, na inamfaa pia mtu mzima aliyemaliza shule bila kuelewa nchi yake inaendeshwaje, na watu hao ni wengi kuliko wanavyokiri.

Unachukua kitu kimoja ambacho mtoto anakijua kwa mkono na kwa ulimi, unakifuata kila kinapokwenda mpaka kikufikishe Dodoma. Mimi nachukua dagaa. Nilishajaribu kuanza na katiba, nikajaribu kuanza na ramani. Vyote mtoto huvipokea kama mzigo wa mtu mwingine. Dagaa ni wake, kala jana.

Vitu vya kuandaa

Kopo moja la dagaa wakavu, daftari jipya, ramani ya Tanzania ya ukutani (zile za dukani zinazoonyesha mikoa kwa rangi zinatosha), nauli, na Jumamosi sita hivi. Usijaribu kumaliza kwa wiki moja.

Daftari ligawe mara tatu. Sehemu ya kwanza andika MAHALI, ya pili PESA, ya tatu AMRI. Kila mnapofika, mtoto aulize maswali matatu na majibu ayaweke yanapostahili: Kwa nini kitu hiki kiko hapa na si kwingine? Nani anapata pesa hapa, na anampa nani? Nani ana amri hapa, na amri hiyo kaipata wapi? Vitabu vinaita mambo hayo jiografia, uchumi na serikali. Majina hayo mwambie mwishoni, si mwanzoni.

Jumamosi ya kwanza: Mwaloni

Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ufike saa moja asubuhi. Ukichelewa hadi saa tatu jua limekwishakuwa kali na watu hawana subira na maswali. Mshike mtoto mkono pale getini, kwa sababu wabebaji wanapita na magunia mabegani wakipiga kelele ya kupishwa, na hawasimami.

Nunua kwanza, uliza baadaye. Huu ni ustaarabu wa soko, na mtu aliyekuuzia atakujibu kwa moyo. Sisi tulinunua kwa mama mmoja ambaye meza yake iko upande wa magunia. Mjukuu wangu alimsalimia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," na tangu hapo mama yule alimfundisha kana kwamba amelipwa. Alichukua dagaa mmoja akamkunja kwa kidole gumba: akakatika kwa mlio. "Huyu kakauka. Akijikunja bila kukatika, usimweke kwenye gunia, ataozesha wenzake." Kisha akachota kiganja kimoja kutoka gunia jingine, akawapepeta juu ya sinia, akamwonyesha mchanga uliobaki chini. Hao walikaushwa ufukweni, juu ya mchanga. Wale wa kwanza walikaushwa juu ya chanja, wavu uliowambwa kwenye miti, ndiyo maana wanang'aa kama fedha na bei yao iko juu.

Hapo tayari kurasa mbili zimepata kitu. Wa chanja na wa mchanga wametoka ziwa moja, usiku mmoja pengine, na tofauti ya bei yao imeletwa na miti michache na wavu. Akielewa hilo, siku utakapomwambia "kuongeza thamani ya mazao" hutahitaji kueleza.

Muulize muuzaji dagaa wametoka wapi. Utasikia Ukerewe, Ukara, visiwa vya Sengerema, Goziba upande wa Kagera, Musoma. Mtoto avitafute kwenye ramani hapo hapo, kidole kikiwa bado kinanuka samaki. Kisha uliza wamevuliwa lini. Jibu litakuwa "gizani", na mtoto wa Dar atadhani maana yake ni usiku tu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi siku ambazo mwezi hauonekani, kwa kuwa dagaa hufuata taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, mitumbwi hupumzika. Mjukuu wangu alifikiri kidogo, akaandika chini ya PESA: "Mwezi ukiwa mkubwa, mama ntilie wa Mwaloni hauzi sana." Hakuna kitabu kilichomwambia. Alimuuliza mama ntilie mwenyewe.

Sasa mpeleke kwenye malori. Soma namba za magari na sikiliza lugha: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, na Kiswahili cha Kongo chenye Kifaransa ndani yake. Sehemu kubwa ya dagaa hawa huvuka mpaka, na wengine huishia kwenye chakula cha kuku. Samaki mwenye historia nzito zaidi ni sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, hakuwa wa hapa. Akala furu, wale samaki wadogo wa asili ya hapa, karibu awamalize, lakini akazaa viwanda vya minofu hapa Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na bondo lake, ule mfuko wa hewa, likapata soko China. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu kwa sababu kulikuwa na watu wanavua kwa sumu. Nakumbuka kipindi kile: wazazi wa wanafunzi wangu waliokuwa wakifanya kazi viwandani walikaa nyumbani, na ada haikulipwa. Mweleze mtoto hilo polepole. Mtu mmoja anatia sumu majini usiku, ofisi iliyoko Ulaya inatoa tamko, na mtoto wa Igogo anarudishwa nyumbani kwa ada. Sheria ya Uvuvi tuliyo nayo sasa ni ya mwaka 2003, na kanuni zake zinakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Mpe mtoto futi ya shule apime hizo sentimita 50 mezani, aone samaki mwenyewe ni wa ukubwa gani.

Kabla hamjaondoka, omba kuona risiti ya ushuru. Kikaratasi hicho ndicho mlango wa kuingilia serikalini. Juu yake pameandikwa Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, na mtoto wako, kama wangu, atauliza: "Kwani hapa si Jiji la Mwanza?"

Nani kamweka nani

Mji wetu una halmashauri mbili. Katikati ya mji na upande wa kusini ni Nyamagana, ndiyo Halmashauri ya Jiji. Upande wa kaskazini, Kirumba ikiwemo, ni Manispaa ya Ilemela. Nimekutana na watu waliozaliwa hapa wanaopeleka malalamiko ya taka kwenye ofisi ambayo si yao, wakarudi wanasema serikali haisikii.

Kwenye ukurasa wa AMRI usichore ile ngazi ya kwenye vitabu, Rais juu na mwananchi chini. Anza na mtaa wako, na kwa kila mtu mwenye cheo uliza swali moja tu: huyu kachaguliwa, kateuliwa, au kaajiriwa? Weka C, T au A mbele ya jina la cheo chake. Hili ndilo jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote katika somo zima, kwa sababu linamwonyesha mtoto kila mmoja anamwogopa nani. Aliyechaguliwa anakuogopa wewe, kila baada ya miaka mitano. Aliyeteuliwa anamtazama aliyemteua. Aliyeajiriwa anaangalia kanuni za kazi yake.

Mwenyekiti wa mtaa: C, yeye na wajumbe wa kamati yake. Uchaguzi wao wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024. Afisa mtendaji wa mtaa, anayekaa ofisi hiyo hiyo na ndiye mwenye muhuri wa barua yako ya utambulisho, ni A. Diwani wa kata ni C, mtendaji wa kata ni A. Madiwani wakikaa pamoja ndio halmashauri, na wao humchagua meya miongoni mwao. Mkurugenzi anayesimamia watumishi na fedha ni T. Mkuu wa wilaya ni T, mkuu wa mkoa ni T, wote wawili kwa uteuzi wa Rais. Mbunge ni C, ila wako wa viti maalumu na wako wachache, wasiozidi 10, ambao Rais huwateua. Waziri ni T, lakini lazima awe mbunge kwanza. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge. Rais ni C, kwa vipindi visivyozidi viwili vya miaka mitano.

Balozi wa nyumba kumi atakusumbua. Wazee wengi humweka serikalini, maana enzi za chama kimoja mpaka wake na wa serikali haukuonekana. Balozi ni mtu wa chama. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika 1995, na bado kuna nyumba ambako mgeni akifika anapelekwa kwa balozi kabla ya mwenyekiti. Mfungulie ukurasa wake wa pembeni. Hapo hapo waweke na BMU, kile kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia mwalo, pale mitumbwi inapotua: wana uchaguzi wao na wana nguvu kweli kweli, lakini si kijiji wala mtaa.

Kama unaishi kijijini, Kwimba au Buchosa, vyeo vinabadilika kidogo: kitongoji, kijiji, kata. Huko mkutano mkuu wa kijiji unawahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unapaswa kukutana kila miezi mitatu. Mwambie mtoto ahesabu umeitishwa mara ngapi mwaka huu.

Nilimwuliza mjukuu wangu swali lile la siku ya kwanza baada ya Jumamosi mbili za C, T na A. Alisema: "Hakuna aliyemweka mwenzake, Bibi. Mwenyekiti kawekwa na nyie. Mkuu wa wilaya kawekwa na Rais. Na Rais kawekwa na nyie." Kisha akaniuliza mimi nilipiga kura kituo gani. Nilimpeleka akakione.

Maji yanakwenda wapi

Somo hili linataka glasi ya maji na sinia, na linataka mfanye jioni, ziwa likiwa mbele yenu.

Mimina maji kwenye sinia. Hilo ndilo Ziwa Victoria. Ni pana, kilomita za mraba 68,800, lakini penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Kisha chukua chupa ndefu nyembamba uijaze: hilo ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470. Tanganyika limekaa ndani ya ufa, ambapo ardhi ilipasuka na kudidimia. Letu limekaa juu ya kibonde kipana kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana Mwanza, ingawa iko karibu kabisa na ikweta, jioni unatafuta sweta wakati Dar wanatafuta feni.

Sasa tikisa sinia kidogo. Maji yanamwagika upande. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa letu huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hupotea kwa kupaa na jua, hivyo mvua ikizidi, sinia linajaa upesi. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakaingia nyumba za ufukweni na vibanda vya mialoni. Nilimwonyesha mjukuu alama ya maji iliyobaki kwenye ukuta wa jirani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kwenye maji. Tulizihesabu kwa hatua kutoka ukingoni. Mtoto alisimama kwenye hatua ya sitini, akageuka, akaona ni nyumba ngapi ziko nyuma yake upande wa maji. Aliandika MAHALI na AMRI kwa pamoja, akachora mstari wa kuziunganisha.

Baada ya hapo fungua ramani. Ziwa hili karibu nusu yake ni letu, zaidi kidogo ya asilimia 40 ni la Uganda, na kama asilimia 6 ni la Kenya. Mto Kagera unaingiza maji kutoka Rwanda na Burundi. Kwa kutoka, njia ni moja: Jinja, Uganda, ambako Nile inaanzia safari ya kwenda Misri. Kwa hiyo maji ya Kirumba yanakwenda Bahari ya Mediterania. Maji ya Mto Malagarasi kule Kigoma huingia Tanganyika, yakapita Kongo, yakafika Atlantiki. Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma zinakwenda Bahari ya Hindi. Na yako yasiyokwenda popote, yanayoishia Rukwa, Eyasi, Manyara na Natron na kukaushwa na jua. Nchi moja inamwaga maji pande zote hizo, kwa sababu sehemu yake kubwa ni uwanda wa juu uliokatwa na nyufa. Mpe mtoto penseli za rangi apake kila upande rangi yake. Itamchukua jioni nzima, na mwache, hiyo ndiyo ramani ambayo hataisahau.

Hapa serikali inaingia tena. Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikitawala huku, iliandikiana na Misri makubaliano yaliyowapa Wamisri usemi mkubwa juu ya maji ya Nile, hata ya huku yanakotoka. Tulipopata uhuru Desemba 9, 1961, swali likawa: mkataba uliotiwa saini na mtawala unamfunga aliyetawaliwa? Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitamka mwaka 1962 kwamba haifungwi nao. Miaka ikapita, na mwaka 2009 ukazinduliwa mradi wa kuvuta maji ya ziwa kutoka Ihelele, Misungwi, kuyapeleka Shinyanga na Kahama. Baadaye yakasogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Niliwahi kufundisha Shinyanga kabla ya bomba hilo. Wanafunzi wa kike walikuwa wanafika darasani saa nne wakitoka kuchota maji kwenye mto mkavu, wakifukua mchanga kwa bakuli. Sasa nikimweleza mjukuu wangu kwamba kinywa cha bomba la Shinyanga kiko upande huu, na kwamba kuna watu waliokaa mezani wakakataa karatasi ya 1929 kabla wazazi wake hawajazaliwa, namwona anaelewa "mamlaka ya nchi" ni nini.

Kutoka kopo la dagaa hadi bajeti

Pesa ichukueni kwa kifupi, kwa kufuata ile risiti. Ushuru wa soko unabaki halmashauri. Kodi ya mfanyabiashara mwenye duka au kiwanda inakwenda TRA, yaani serikali kuu. Vyote viwili mtoto avione: chukua risiti ya ushuru wa Mwaloni na risiti ya dukani yenye kodi ya ongezeko la thamani, uziweke pembeni pembeni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mwezi Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti bungeni Dodoma. Keti na mtoto mbele ya redio, msikilize hata nusu saa, mkisubiri litajwe neno "uvuvi".

Kisha mwonyeshe kwamba dagaa ni kipande kimoja tu. Kilimo kinatoa karibu robo ya pato la taifa, lakini zaidi ya nusu ya watu wenye kazi wako humo, na pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini mkulima anafanya kazi sana na kupata kidogo. Dhahabu na utalii ndivyo vinavyoongoza kutuletea fedha za kigeni. Geita ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012 ilipofanywa mkoa, na wakati huo Simiyu nayo ikazaliwa. Hapa Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa mwaka 2021. Reli ya kati ilitufikia kutoka Tabora mwaka 1928, na ni pamba ya Usukumani iliyokuwa ikiipa mzigo. Ujenzi wa reli mpya ya SGR kutoka hapa kwenda Isaka, kilomita 341, ulianza 2021. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Mpandishe mtoto gari mlivuke, umwambie kivuko kilikuwaje, mtu anakaa foleni na mgonjwa garini akitazama ng'ambo.

Hesabu moja nawapa wote. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Mwanza, 3,699,872. Gawanya. Karibu mmoja kati ya kila Watanzania 17 ni mtu wa huku.

Mtoto wa Kwimba au Magu asisafirishwe hadi Mwaloni, aanze na pamba: mizani ya chama cha ushirika, mbegu, dawa, bei iliyotangazwa na aliyeitangaza. Atakutana na Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa huku miaka ya 1950 kwa sababu walikuwa wakipunjwa kwenye mizani, kisha akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Njia ni ile ile, kutoka mizani hadi hazina.

Usiuruke Muungano. Watoto husema "Aprili 26, 1964" na kuishia hapo. Uliza hivi: mvuvi wa dagaa wa Unguja naye yuko chini ya wizara yetu ya Mifugo na Uvuvi? Hayuko. Uvuvi haumo katika orodha ya mambo 22 ya Muungano iliyoko kwenye Katiba ya 1977. Zanzibar ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi na wizara yake. Lakini polisi wa Unguja na polisi wa Kirumba ni wa jeshi moja, uraia ni mmoja, pasi ya kusafiria ni moja. Mtoto achukue vitu kumi vya nyumbani au mtaani, abahatishe kipi ni cha Muungano na kipi si, halafu afungue katiba nyuma, kwenye jedwali, ajisahihishe. Hii ni mara ya kwanza nawaruhusu wafungue katiba, na wanaifungua kwa hamu.

Jumamosi ya mwisho tulipita Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, Mei 21, 1996. Meli ilikuwa inakaribia kufika hapa Mwanza, ikazama na mamia ya watu. Nilikuwa nimefika bandarini na watu wengine kungoja wetu. Siwezi kuandika zaidi juu ya asubuhi ile. Ila mtoto akikuuliza kwa nini leo boti lazima ikaguliwe na TASAC, lile shirika la serikali linalosimamia usalama wa meli, na kwa nini mtu anakatazwa kupakia kupita kiasi hata kama abiria wenyewe wanataka, mpeleke Igoma kwanza.

Mkutano wa mtaa

Somo hili halikamiliki chumbani. Subiri mkutano wa mtaa utangazwe, umpeleke mtoto. Hana kura kwa kuwa hajafika miaka 18, lakini hakuna wa kumzuia kusikiliza. Mwelekeze akae mbele, daftari mapajani, aandike kila kiasi cha fedha kitakachotajwa na jina la cheo cha aliyekitaja.

Wetu ulifanyika chini ya mwembe, saa kumi jioni. Ilisomwa taarifa, likazungumzwa suala la ulinzi, kisha la mfereji unaoshusha taka kutoka mlimani hadi ziwani. Mwenyekiti alisema mfereji ule ni wa halmashauri. Wazee wakaguna, mkutano ukataka kwenda kwenye jambo linalofuata. Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, diwani yuko hapa?" Nikamwambia yule mwenye shati la kitenge. Akanyoosha mkono. Akaamkia wazee, kisha akauliza mfereji huo umetengewa shilingi ngapi kwenye bajeti ya mwaka huu, na kama haukutengewa, ni kikao gani cha madiwani kitakachofuata kinachoweza kuuingiza.

Diwani aliuliza mtoto huyu ni wa nani, akaambiwa. Akasema hana takwimu kichwani, lakini mbao za matangazo za halmashauri zina taarifa ya mapato na matumizi, na kikao kipo mwezi ujao, ni cha wazi, mwananchi anaweza kuingia akasikiliza.

Siku ya pili mtoto aliniomba nauli ya kwenda halmashauri. Nilimpa ya kwenda na kurudi. Alirejea saa nane mchana, kanakili ubao mzima kwa mkono, na mfereji wetu haumo. Tarehe ya kikao ameiandika juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu.